Kamera ya Meza ya Wakwe

"Haina filamu," fundi wa picha alirudia, akidhani labda Sindano hakumsikia.

Alimsikia vizuri sana. Hata wewe msomaji ulimsikia wiki iliyopita, ukakunja gazeti huku unanung'unika. Mwenzio Sindano hakuwa na cha kukunja. Mbele yake palikuwa na kaunta ya kioo, na juu ya kaunta lile ganda la kamera, tumbo wazi kama samaki aliyekwisha kutolewa utumbo. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo, springi moja na vumbi.

"Tazama vizuri," alisema.

"Dada, filamu siyo chawa, kwamba imejificha kwenye pindo. Kamera zenu zote nimezifungua. Ni hii moja tu imekuja tupu."

"Na ni hii moja tu ninayoitaka."

Kama leo ndiyo unaketi nasi kwa mara ya kwanza, sogea, jambo lenyewe ni hili.

Sindano ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa zaidi kwa ajili ya ulimi wake kuliko kazi yake. Mdogo wake, ambaye nyumbani wanamwita Kipusa, aliolewa mwezi uliopita na kijana mpima viwanja, nasi tunamwita Mpima. Sindano alikuwa amechoshwa na harusi ambazo wageni wanainua simu juu utadhani wako mnadani. Akatoa wazo: simu zote zibaki mlangoni, na kila meza iwekewe kamera ya kutumia mara moja, zile za plastiki zenye filamu ndani, ambazo ukimaliza kupiga unapeleka kamera nzima ikasafishwe. Watu walilisifu wazo hilo mpaka likamvimbisha kichwa.

Kabla keki haijakatwa, mkono wa gauni la Mama Mkwe, yaani mama yake Mpima, ulifumuka ukawa unaning'inia. Sindano akapiga magoti, pini mdomoni, akaubana na kuuficha mfumuko kwa ua la kitambaa. Sherehe ilipokwisha, bangili ya dhahabu ya Mama Mkwe haikuwepo mkononi.

"Mkono huu umeguswa na mtu mmoja tu," Mama Mkwe alisema mbele ya pande zote mbili.

Kipusa akamjibu mama mkwe wake kwa namna ambayo bibi harusi wa siku moja hajibu. Akabeba sanduku lake, akaja kulala kwenye kochi la dada yake. Mpima hakusimama huku wala kule. Wageni wa upande huu wakaapa kwamba bangili waliiona mpaka mwisho. Wa upande ule wakaapa kwamba tangu Sindano alipoinuka, hawakuiona tena. Sindano mwenyewe hakukumbuka. Alikuwa anatazama pindo, hakuwa anatazama dhahabu. Na simu iliyopiga picha ukumbini haikuwepo hata moja, shukrani kwa wazo zuri.

Ikabaki kamera. Picha moja tu ya Mama Mkwe akiwa na ua begani na bangili mkononi, na Sindano angekuwa huru. Lakini kamera zilizokwisha kusafishwa zilikuwa zimeleta miguu, dari, migongo, vidole, na mtoto mmoja aliyejipiga picha ya pua mara nyingi kuliko maharusi walivyopigwa. Tumaini lote lilikuwa kwenye kamera ya meza ya wakwe.

Ndiyo hiyo tupu.

"Imefunguliwa na mtu," alisema fundi wa picha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kijiti cha meno kimekaa pembeni mwa mdomo, asiye na haraka na lolote duniani. Alielekeza kijiti kwenye ganda. "Ona hapa, kisu kimepita upande wa betri. Aliyefungua hakuwa na haja na picha. Alikuwa anatafuta betri."

Sindano alifumba macho. Kamera zilikaa kwa mjomba wake juma zima baada ya harusi.

"Kipusa," alimwita mdogo wake aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja. "Inuka. Tunakwenda kwa mjomba."

* * *

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba. Mbona mmenuna?"

"Mjomba, ulifungua kamera ya harusi?"

"Ipi kati ya zile?"

"Kwani ulifungua ngapi?"

"Moja tu. Ilinipiga shoti, mkono mzima ukafa ganzi, nikaziacha zingine." Mjomba alisema hayo akiwa amekaa raha mustarehe kwenye kiti chake. "Lakini betri yake ilikuwa nzima kabisa. Si ile, saa inakwenda."

Akawaonyesha saa ya ukutani. Kweli ilikuwa inakwenda, ingawa ilikuwa nyuma ya saa zote mjini. Sindano aliona kwamba ile shoti haikumtosha mjomba wake, ila hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyemlea.

"Na filamu, mjomba? Ndani yake mlikuwa na kikopo kidogo cheusi."

"Nilikiweka mahali salama."

"Wapi?"

Mjomba alifikiri. Akaanza kujipapasa mifuko. Akafikiri tena.

"Mimi situpi kitu," alisema hatimaye. "Kimo humu humu ndani."

Hilo ndilo lililokuwa baya. Kweli mjomba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Sindano alifungua droo akakuta nyaya. Akafungua nyingine akakuta vifuniko vya sufuria zilizokufa zamani. Palikuwa na makopo ya misumari iliyopinda, funguo zisizo na kufuli, kufuli zisizo na funguo, na mfuko mzima wa vipande vya miwani. Kipusa alipiga magoti kwenye sakafu akachungulia chini ya kabati. Mjomba alibaki kitini, akiwapa moyo.

"Kiko karibu. Nakiona kabisa akilini."

"Akilini kiko wapi, mjomba?"

"Akilini kiko mkononi mwangu."

Sindano aliweka kopo la misumari chini taratibu, maana alihisi angeliweka kwa nguvu lingepasua sakafu. Kwa wiki nne alikuwa anaitwa mwizi na watu wanaomtazama pembeni. Wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Na shahidi wake pekee alikuwa amepotea ili saa ipate kuchelewa.

Mke wa mjomba aliingia na beseni la nguo alizoanua, akasimama mlangoni.

"Jamani, nyumba yangu mmeifanya nini?"

"Tunatafuta kikopo cha filamu, mama. Cheusi, kama kizibo."

"Chenye kichwa kidogo juu? Si hicho hapo."

Wote waligeuka. Dirishani, mwisho wa kamba ya pazia, palikuwa na kitu cheusi kimefungwa uzi shingoni, kinaning'inia juani. Kazi yake ilikuwa kuivuta kamba isipeperuke na upepo.

"Nikakiona kinazagaa," alisema mke wa mjomba, "nikakipa kazi."

Sindano alitoa mkasi kwenye mkoba, akaikata kamba.

"Pazia langu."

"Nitakushonea jingine, mama. Nitakushonea yote."

* * *

Fundi wa picha alikigeuza kikopo vidoleni, akakinusa, akakitingisha sikioni.

"Kimepikwa na jua," alisema. "Rangi zitakuwa nyekundu nyekundu. Halafu filamu imekatwa kisu hapa mdomoni."

"Kwa hiyo imeharibika?"

"Sijasema imeharibika, dada. Kamera hizi, filamu yote huwa imetolewa nje tangu kiwandani. Kila ukipiga picha, kipande kinarudi ndani ya kopo. Mjomba wako alipofungua, zilizokwisha kupigwa zilikuwa ndani, salama. Zilizobaki nje ndizo mwanga umezila, akazikata akazitupa."

"Mjomba hatupi kitu," alisema Kipusa kwa sauti ndogo.

"Zilizo ndani ni ngapi?" Sindano aliuliza.

"Tutaziona zikitoka."

"Zitatoka lini?"

"Dawa ikishapata moto. Mashine hii ukiiharakisha inasusa." Akaingia chumba cha nyuma, akavuta pazia zito, na mashine ikaanza kunguruma. Sindano alishika ukingo wa kaunta. Mashine ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Taa ya dukani nayo ikazimika. Feni ikazunguka mara chache kwa uvivu, ikasimama.

Fundi alitoka, akaketi kwenye stuli yake.

"Umeme," alisema.

 Sindano alizunguka duka lile dogo mara kadhaa, akapita mbele ya picha za watoto waliovishwa suti, za wahitimu, za mzee mmoja aliyekaa na redio yake magotini. Watu wote hao walikuja, wakalipa, wakapata picha zao, wakaenda nyumbani. Kwa nini yake ndiyo iwe na mapembe?

"Shukuru filamu ilikuwa bado haijaingia," alisema fundi. "Ingekuwa ndani, tungelia. Sasa tunangoja tu."

"Mimi nimechoka kungoja, fundi. Nangoja tangu harusi."

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Alipoona jina, alijiweka sawa kama vile aliyepiga anamwona.

"Mama," aliitikia.

"Fundi, nasikia mmepata filamu nyingine." Zamani Mama Mkwe alikuwa anamwita mwanangu.

"Umesikia kwa nani, mama?"

"Mwanangu ameambiwa na mkewe. Sasa nisikilize. Haya mambo yamekuwa marefu. Mimi ni mtu mzima, sitaki kugombana kwa ajili ya kipande cha dhahabu. Nimesamehe. Kipusa arudi kwake, na hizo kamera mzitupe, yaishe."

Sindano aliitazama simu, akairudisha sikioni. Mwezi mzima mama huyu alikuwa anadai picha. Wiki iliyopita tu alituma mtu kuuliza kama bado zinatoka vidole na miguu tu.

"Mama, mimi sijaomba msamaha."

"Najua."

"Nikisamehewa, maana yake niliiba."



"Basi usije ukasema sikukuambia," alisema Mama Mkwe, akakata.

Sindano aligeuka kwa mdogo wake.

"Kwa hiyo unampigia."

"Ni mume wangu, dada."

"Mume aliyenyamaza mama yake akiniita mwizi mbele ya watu."

"Najua alivyonyamaza, nilikuwepo." Macho ya Kipusa yalikuwa yanang'aa, lakini sauti yake haikuyumba. "Nilikusimamia wewe, nikaondoka kwangu nikiwa na hina mikononi. Sijakudai kitu. Ila nalala kwenye kochi na mume ninaye. Nimemwambia picha zinatoka leo. Anakuja. Nataka azione yeye mwenyewe, akuombe radhi, anichukue twende nyumbani. Ni vibaya?"

 Sindano alimvuta mdogo wake, akamweka nywele sawa kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Si vibaya," alisema. "Nenda kamsubiri hapo nje kwenye hewa."

Kipusa akatoka, simu tayari sikioni. Na kana kwamba ilikuwa inangoja atoke, taa ikawaka.

* * *

Filamu ikatoka mashineni ndefu na inayong'aa. Fundi akaitazama kwenye mwanga, akaiingiza kwenye mashine ya kuchapa, na picha zikaanza kudondoka kwenye sinia moja baada ya nyingine, zote nyekundu kama zimepigwa ndani ya nyanya.

"Kumbuka," alisema fundi, "kamera hizi zinatoa picha kinyume. Ya mwisho kupigwa ndiyo inayotangulia kutoka."

Ya kwanza ilikuwa glasi ya soda. Mtu aliisogelea mpaka ikawa ukungu mtupu.

Ya pili, paji la uso la mtu na nusu ya nyusi.

Ya tatu, Mama Mkwe. Sindano aliinyakua kwenye sinia. Mama Mkwe anapiga makofi, ua la kitambaa liko pale pale begani alipoliweka, anacheka, na mikono yote miwili imefichwa na puto.

"Puto," alisema Sindano. "Fundi, ni puto."

"Nimeliona."

Kwenye nyingine Mama Mkwe amekata keki na keki imemficha. Kwenye nyingine tena amesimama, na mhudumu anapita mbele yake na sinia, mkono wote uko nyuma ya mhudumu. Kama mtu angelipwa kuuficha mkono ule asingeweza kufanya vizuri zaidi.

Kisha ikadondoka iliyotulia. Mama Mkwe ameketi, ua begani, mkono wa kushoto, ule wa bangili, ameulaza juu ya kitambaa cha meza, kucha, pete, mishipa, kila kitu kinaonekana.

Bangili haipo.

 Ua begani. Yaani Sindano alikwisha kumshika, na bangili ilikwisha kutoweka. Hii haikuwa picha ya kumwokoa. Hii ndiyo picha ambayo upande ule ungeiweka kwenye fremu.

Alitazama nje. Kipusa alikuwa amempa mgongo, anaongea na simu. Fundi alikuwa amejiinamia kwenye mashine yake. Ilikuwa karatasi moja tu, mtu angeweza kuikunja mara mbili ikaingia kwenye mkoba, chini ya mkasi.

"Siyo hiyo?" aliuliza fundi bila kugeuka.

Mkono wa Sindano ulikuwa umeshafungua mkoba. Akaufunga.

"Siyo," alisema, akaiweka picha juu ya kaunta pamoja na zingine. "Toa iliyobaki."

Ikadondoka moja.

Kwa kuwa zilikuwa zinatoka kinyume, hii ilipigwa kabla. Na kweli ilikuwa kabla, maana mkono wa gauni la Mama Mkwe ulikuwa unaning'inia, nyuzi wazi, hakuna ua, hakuna pini. Sindano alikuwa bado hajamgusa. Alikuwa bado hata hajaitwa.

Mama Mkwe amesimama kwenye mlango wa pembeni wa ukumbi. Bangili ameivua. Ameishika kwa vidole viwili, anaiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

Mpima, na suti yake ya harusi.

Sindano aliisogeza picha karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Kiganja kimoja cha Mpima kilikuwa wazi, kinapokea. Mkono wake wa pili ulikuwa umenyooshwa kwa mtu wa tatu, aliyekuwa amesimama nje ya mlango. Lakini mtu huyo hakuonekana. Mpigapicha, awaye yote, alikuwa ameweka kidole gumba mbele ya lenzi, na kidole hicho, kinene, chekundu, kimeziba theluthi nzima ya picha. Chini yake lilibaki pindo la gauni na kandambili moja ya kike.

"Fundi. Huyu hapa nyuma ya kidole. Unaweza kumtoa?"

Fundi wa picha aliivalia miwani, akaitazama kwa muda.

"Kidole kikishaziba lenzi, nyuma yake hakuna kitu, dada. Filamu haikumwona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Huyo mtu hayupo."

Sindano alipaswa kufurahi. Alikuwa ameipata picha aliyoililia, na hakuna mtu mwenye macho angeitazama akamwita mwizi tena. Badala yake hasira ilimpanda mpaka shingoni, hasira isiyo na pa kwenda. Mama alijua. Mwana alijua. Walikaa wote wawili mbele ya watu, wakamwacha aape, wakamwacha Kipusa abebe sanduku lake.

Na nje ya kioo Kipusa alikuwa anacheka. Sindano hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu harusi. Kipusa alikuwa ameondoa simu sikioni kwa sababu aliyekuwa anaongea naye amefika, yuko mbele yake, amemshika mkono.

Mpima alimwambia mkewe neno. Kipusa akaitikia kwa kichwa, akavuka kwenda duka la vinywaji lililokuwa ng'ambo. Mpima akaingia peke yake, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Shemeji," alisema. Hakusalimu. "Imo ya mlangoni?"

Sindano aliigeuza picha juu ya kioo ili imwelekee.

Mpima aliinama. Hakumtazama mama yake, wala hakujitazama mwenyewe. Alikitazama kidole gumba.

"Hajaonekana," alisema, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nani?"

Mpima akanyoosha mkono kuichukua picha, Sindano akaibana juu ya kioo.

"Shemeji, mama yako amenitangaza mwizi. Mdogo wangu analala kwenye kochi. Wewe ulikuwepo, bangili ilikuwa mkononi mwako, ukaenda kukaa nasi tukakata keki. Nani hajaonekana?"

Fundi wa picha alijikohoza, akachukua kitambaa, akaingia chumba cha nyuma ambako hakukuwa na cha kufuta.

"Bangili haikuwa ya mama," alisema Mpima polepole. "Mama aliiazima, siku ile tu, apendeze. Mwenyewe hakuambiwa ni sherehe ya nini. Alipojua, alikuja pale mlangoni kuitaka, na angeingia. Ilibidi apewe haraka. Halafu watu wakaanza kumuuliza mama bangili iko wapi, akakosa la kusema."

"Akanisema mimi."

"Ndiyo."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni bangili ya mke wangu, shemeji."

"Mdogo wangu hajawahi kuvaa dhahabu. Mimi ndiye nimemvisha tangu ana meno ya utoto, najua kila alichonacho."

Mpima alitazama nje. Ng'ambo ya barabara Kipusa alikuwa anabonyeza chupa za maji moja moja, akimchagulia iliyo baridi zaidi.

"Sijasema mdogo wako."